Amplifaya Iliyoungua na Kodi Yetu

Jamani, bethidei ya mume wangu nilijifanya mjanja. Nilichota hela ya kodi, nikamnunulia sabufa na amplifaya za gari bila kumuuliza. Niliangalia wati kubwa za kwenye boksi tu. Siku ya tatu amplifaya ikaungua. Nyumbani tukanuniana wiki nzima.

Fundi akanionyesha kosa: sabufa ina koili mbili za omu 4, zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, wakati amplifaya ile, ikiungwa briji, haitaki chini ya omu 4. Tena wati za kulinganisha ni za RMS, siyo zile za “max”.

Kodi tulilipa kwa kukopa. Amplifaya ya pili tulikwenda kuchagua wote. Mpenzi msomaji, kabla hujambebesha mwenzio mzigo, muulize anauweza?