Makofi Yaliyofutwa

King Crimson ilikuwa na mshairi. Simkusudii mwimbaji atungaye maneno yake mwenyewe. Namkusudia mtu aliyehesabiwa kuwa mwanabendi kamili ilhali kazi yake kubwa ilikuwa kutunga. Peter Sinfield hakuwa mwimbaji wala mpiga gitaa wa bendi hiyo. Usiku wa maonyesho alishughulikia taa. Jina la bendi ni lake, na maneno ya albamu nne za mwanzo, tangu In the Court of the Crimson King ya mwaka 1969 hadi Islands ya mwaka 1971, ni yake pia. Wapenzi wa taarabu, waliozoea kuona shairi likitoka kwa huyu na sauti kwa yule, hawatalistaajabia jambo hilo. Katika roki ya Uingereza lilikuwa adimu.

Aina hii ya muziki nitaiita roki progresivu, maana sijapata neno la Kiswahili la kuniridhisha. Kuna aliyewahi kunipendekezea "roki endelevu", lakini neno hilo linanukia semina za mazingira.

Hata hivyo, si tungo za Sinfield zinazonirejesha kwa bendi hii. Baadhi yake zimelemewa na mapambo, mithili ya bibi harusi asiyeonekana uso kwa dhahabu. Kinachonirejesha ni ubishi ambao kiongozi wao, mpiga gitaa Robert Fripp, aliuendesha kwa miaka mingi kati ya studio na jukwaa: utungo wa kweli ni upi, ule uliosafishwa au ule uliotokea?

Chukua Earthbound ya mwaka 1972. Ilinaswa katika ziara ya Marekani kwa kanda ya kaseti tu. Sauti yake ni mbaya. Ngoma zinasikika kana kwamba zimefunikwa gunia. Kampuni iliyokuwa ikiwauzia santuri Marekani ilikataa kuitoa huko, na Uingereza ikauzwa kwa bei ya chini. Mimi naipenda kwa sababu isiyo ya kimuziki: humo nasikia watu waliochoka, wanaokaribia kuachana, wakipiga kana kwamba hakuna atakayesikiliza tena.

Halafu njoo kwenye Starless and Bible Black ya mwaka 1974. Jina hilo wamelichuma kwa Dylan Thomas, mshairi wa Wales, katika tamthilia yake ya redio Under Milk Wood. Mnunuzi wa santuri ile angeweza kudhani kuwa yote ilirekodiwa studio. Kumbe ni nyimbo mbili tu zilizofanywa studio kwa ukamilifu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilitoka jukwaani, hususan onyesho la tarehe 23 Novemba 1973 katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam. Walichofanya ni kufuta makofi. Hadhira nzima iliondolewa, ukumbi ukabaki mtupu, na kilichobuniwa papo hapo kikavaa joho la kilichopangwa.

Je, huo ni udanganyifu? Zamani nilikuwa mwepesi kujibu kwamba ndiyo. Kisha nikausikiliza vizuri mmoja wa miziki ya usiku ule, uitwao Trio. Hauna maneno. Fidla inaanza kwa unyonge, besi inaifuata, na Fripp, aliyeweka gitaa kando, anapiga melotroni. Hiki ni kinanda ambacho kila kibonye chake huendesha utepe wenye sauti iliyorekodiwa zamani, mfano wa filimbi, na baada ya sekunde nane hivi utepe hufika mwisho, sauti ikakatika. Hata hapo jukwaani, basi, rekodi ilikuwa ndani ya kilicho hai.

Lakini hazina ya Trio ni mtu wa nne. Bill Bruford, mpiga ngoma, aliviweka vijiti vyake vya kupigia msalaba kifuani akakaa kimya mpaka mwisho. Hakugusa ngoma hata mara moja. Wenzake waliliandika jina lake miongoni mwa watunzi kwa kuwa waliona kunyamaza kwake kulikuwa uamuzi wa kimuziki. Sisi tunaohesabu mizani tunaijua thamani ya pumzi kati ya ukwapi na utao. Sijui ni wangapi kati yetu tungekubali kumwita mtunzi mwenza mtu aliyetupa pumzi hiyo.

Nalisema hili kwa kuwa lina uzito nyumbani kwetu. Marehemu mjomba wangu alikuwa mghani wa tenzi, na ametuachia kanda saba. Binamu yangu, mwanawe, ana programu ya kompyuta ya kusafishia sauti, naye anataka tuzitoe kanda hizo kwa ajili ya wajukuu. Amekwisha kuondoa mvumo wa mashine, kikohozi na majogoo. Sikumpinga. Tumekwama kwenye kanda ya nne. Humo mjomba anafika kati ya ubeti, mshororo unampotea, anakaa kimya. Kimya hicho si kifupi. Kisha inasikika sauti ya mkaza mjomba, kwa mbali, kama mtu aliye jikoni, ikimtajia neno moja tu. Mjomba anacheka kidogo, analichukua neno lile, na utenzi unaendelea.

Binamu anataka kukata hapo. "Kaka," ananiambia, "baba alikuwa mtu wa heshima zake. Unataka wajukuu wamsikie akisahau?" Ni swali la haki, wala silijibu kwa kumtajia bendi ya Waingereza. Lakini nalipima kwa yale niliyoyasikia kwao. King Crimson walifuta makofi, na albamu ikawa nzuri. Wangekifuta kimya cha Bruford, pasingekuwa na Trio. Makofi yalikuja baada ya utungo. Kimya kilikuwa ndani yake.

Tena onyesho la Amsterdam halikupotea. Mwaka 1997 lilitolewa kwa urefu wake, kwa jina The Night Watch, hadhira ikiwamo. Leo msikilizaji anaweza kuziweka rekodi mbili za usiku mmoja ubavu kwa ubavu. Ipo pia USA, albamu ya jukwaani ya mwaka 1975, ambayo Eddie Jobson aliongezewa fidla studio baada ya bendi kuvunjika. Jobson ni fundi. Hata hivyo, kila niisikilizapo namtafuta David Cross, mpiga fidla aliyekuwapo jukwaani.

Nimemwomba binamu mambo mawili. Kanda zote saba zihifadhiwe jinsi zilivyo, pamoja na majogoo. Na katika nakala ya wajukuu, kimya cha kanda ya nne kibaki, na jina la mama yake liandikwe kwenye jalada, chini ya la baba yake. La kwanza amelikubali palepale. La pili amesema atamwuliza mama mwenyewe. Anakwenda kumwona Ijumaa, na kanda ya nne anaichukua.