Wayo wa Bata

Kwetu Masaka, hapa Uganda, mtu akitaja mifugo hutaja ng'ombe, mbuzi na kuku. Bata hahesabiwi. Hujitafutia chakula, mdondo haumwui ovyo kama unavyoua kuku, basi watu huamini kwamba haugui kabisa.

Likizo iliyopita nilimkuta bata dume wa bibi akichechemea. Ndiye dume pekee kwa majike matano, na vifaranga wao ndio wanaonilipia nauli ya chuo. Jirani akashauri, "Mchinjeni kabla hajakonda." Bibi hakumjibu. Alinitazama mimi, mjukuu anayesoma.

Nikamgeuza chali. Katikati ya wayo wa kulia palikuwa na uvimbe wenye joto, na juu yake kigaga cheusi kigumu. Sababu haikuwa mbali. Ua lote lilimwagwa changarawe ili kuzuia tope, na wayo wa bata ni laini, unapenda tope hilohilo. Isitoshe, dume wa aina hii, wale wenye nyama nyekundu usoni, huweza kufikia uzito wa karibu mara mbili ya jike. Huyu wetu hulala juu ya paa la banda na kila asubuhi hutua chini kwa kishindo. Ngozi ikichanika kidogo tu, bakteria hupenya.

Bibi alitaka kupasua kwa wembe. Hapo tulivutana. Usaha wa ndege si majimaji kama wetu. Huganda, ukawa kama ugali uliolala, hivyo haukamuliki. Daktari wa mifugo aliniambia kwa simu tusibandue kigaga kwa nguvu, na kama uvimbe ungezidi tumpelekee apasue yeye. Basi tukawa tunauloweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, robo saa asubuhi na jioni. Kisha tunaukausha, tunapaka ayodini, tunafunga shashi na kuivalisha kipande cha soksi.

Dawa ilikuwa kazi rahisi. Kazi ilikuwa kumzuia bata asiende dimbwini! Tulimfungia jikoni juu ya majani makavu ya migomba, tukiyabadilisha kila siku, tukamwekea chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo na pua, maana bata husafisha pua zake kwa maji. Usiku alilalamika mpaka nikakosa usingizi. Darasani tulifundishwa kwamba vijana wa Dar es Salaam wakisema "kula bata" wana maana ya kustarehe. Nilimweleza bibi. Hakuona kichekesho.

Siku ya tisa kigaga kilidondoka chenyewe, na chini yake ngozi mpya ilikuwa ya waridi. Bado anachechemea kidogo akichoka, lakini majike hawajali. Bibi ameiondoa changarawe mlangoni mwa banda na kuegemeza ubao wa kushukia.

Wiki mbili baadaye jirani alikuja kumwazima dume huyo kwa ajili ya majike yake. Bibi akamwambia akafagie kwanza ua wake.