Banda la Muziki katika Bustani ya Halifax

Leo twawaalika kusafiri pamoja nasi hata ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mpaka mji wa Halifax katika nchi ya Kanada. Ni mji wa bandari, wenye upepo na ukungu mwingi, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1749. Lakini hatuendi kutazama meli zake. Twaenda kutazama banda dogo la mbao lililo katikati ya bustani ya mji.

Tuingie kwa lango kubwa la chuma, pale zinapokutana barabara za Spring Garden Road na South Park Street. Mara kelele za magari zinapungua nyuma yetu. Njia zinapinda kati ya maua yaliyopandwa kwa mistari na kwa duara. Sanamu tatu, Ceres, Flora na Pomona, zinasimama kati ya maua hayo. Na hapo mbele yetu ndipo banda lilipo: sakafu iliyoinuliwa, nguzo nyembamba, paa lenye nakshi, wala halina ukuta hata mmoja.

Bustani hii haikuwa ya watu wote toka mwanzo. Mwaka 1836 kilianzishwa chama cha wapenda maua na matunda, nacho kikawa na bustani yake. Mwaka 1867 palifunguliwa kando yake bustani nyingine, kwa ajili ya raia wote. Halafu mwaka 1874 mji ukainunua ile ya chama, na hizo mbili zikawa moja. Aliyezipanga ni Bwana Richard Power, mtunza bustani mzaliwa wa Ireland, aliyeajiriwa mwaka 1872. Leo bustani nzima ina zaidi ya hektari 6.

Banda lenyewe lilijengwa mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala wake. Aliyelichora ni Henry Busch, mzaliwa wa Ujerumani. Mtu aweza kuuliza: Kwa nini kuijengea fanfari nyumba isiyo na kuta? Sababu ni nzuri. Sakafu imeinuliwa ili sauti ya tarumbeta ipite juu ya vichwa vya watu walio karibu, iwafikie na walio mbali. Paa huizuia sauti isipotee angani, tena huwakinga wapigaji na jua na mvua. Na kwa kuwa hakuna ukuta, hakuna wa mbele wala wa nyuma: tajiri na kibarua husikia wimbo ule ule, wala hakuna anayeulizwa tikiti.

Zamani askari wa Kiingereza waliokaa Halifax walikuwa na fanfari zao, na muziki wao ulisikika sana katika bustani. Walipoondoka, miaka ya 1905 na 1906, banda halikubaki bubu. Hata siku hizi, wakati wa kiangazi, alasiri ya Dominika, watu hukusanyika kusikiliza. Wazee hukaa kwenye mabenchi, na watoto hucheza majanini. Majira ya baridi theluji hulifunika paa, na watu hungojea.

Walakini msidhani kwamba kitu kizuri hujilinda chenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 2003, tufani iliyoitwa Juan iliupiga mji. Kulipokucha, miti mingi mikubwa ilikuwa imelala chini, na bustani ikafungwa. Watu wa Halifax hawakukaa kulia tu. Walitoa michango, mafundi wakafanya kazi, miti mipya ikapandwa, na mwaka 2004 bustani ikafunguliwa tena. Banda lilikuwa limesimama.

Pigo la pili lilikuwa chungu zaidi, kwa sababu halikuletwa na upepo. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai 2022, mkono wa mtu ulikata gome la miti ipatayo 30, mingine ya miaka mingi sana. Ndani ya gome ndimo kinamopita chakula kitokacho kwenye majani kwenda mizizini. Mti uliokatwa gome kuuzunguka wote hufa polepole kwa njaa, ijapokuwa majani yake bado ni mabichi. Waliopita asubuhi ile waliona vidonda vyeupe kwenye mashina, wakahuzunika kama waliofiwa. Watunzaji wakajitahidi kuiokoa ile iliyoweza kuokolewa.

Je, iliwapasa kufunga lango siku zote, ili mharibifu asiingie? Hapo asingeingia yeye, lakini wasingeingia pia wazee, watoto na wapiga muziki. Na banda lisilo na wasikilizaji ni mbao tupu. Lango likafunguliwa.

Sisi nasi tunavyo vitu vilivyo vya wote: kisima cha mtaa, uwanja wa shule, mwembe wa njiani. Mara nyingi twasema, «Si changu,» kisha twapita. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Banda la Halifax halina ukuta wa kujengwa. Kwa hiyo ukuta wake ni watu wenyewe, kila anayeketi pale Dominika alasiri, na kila anayemzuia mwanawe asivunje tawi.