Krismasi Nyumbani kwa Mzee Atwooki

Shule ilipofungwa mwanzoni mwa Desemba 2023, nilirudi kwetu Bunyoro, upande wa Hoima, kwa furaha nyingi kama kila mwanafunzi afanyavyo. Niliposhuka katika basi nilimkuta ndugu yangu mdogo akiningoja, na neno lake la kwanza halikuwa salamu. Alisema, "Mzee Atwooki amerudishwa kutoka Mulago."

Wasomaji, mzee huyu si wa ukoo wetu. Ni jirani tu. Lakini siku nilipokwenda kuanza masomo ya sekondari, yeye ndiye aliyelifunga sanduku langu juu ya baiskeli yake akaisukuma mpaka barabara kuu, mwendo wa saa nzima na zaidi, kisha akakataa hata chai. Atwooki ni empaako yake, yaani lile jina ambalo sisi Wanyoro humwamkia mtu kwalo kwa heshima na mapenzi. Langu mimi ni Amooti.

Neno "amerudishwa" lina maana yake kwetu. Madaktari walikuwa wameona saratani katika njia yake ya chakula, nao wakawaambia wenyewe wazi kwamba haiponyeki tena. Basi nikafanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Kwa muda wa siku nane sikwenda kumwona. Nilikuwa nikipita nyuma, kwenye migomba, ili nisionekane mlangoni pake. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingi. Kumbe niliogopa, maana sikujua nitasema nini.

Siku ya tisa mama alinipa maziwa, akasema, "Peleka, wala usirudi mbio." Nikaingia. Mzee alikuwa amekonda hata nisingalimtambua ila kwa sauti. Aliniamkia, "Amooti, sanduku lile bado lina kufuli?" Tukacheka. Kisha kimya kikaingia, nami kwa kutaka kukiondoa nikasema, "Utapona, Mzee." Akageuza uso kuelekea ukutani. Hakunikemea, lakini hakusema nami tena siku ile.

Juma lile lile alikuja mwuguzi wa Hospice kutoka Hoima mjini. Huenda wengine wenu hawaijui kazi hiyo. Hospice ya Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na daktari mwanamke, Anne Merriman, na kituo cha Hoima kilifunguliwa mwaka 1998. Kazi yao si kuponya, bali ni kuondoa maumivu na kuwasaidia watu wa nyumba ile. Dawa yao kubwa ni mofini ya kunywa, ambayo ni unga uliochanganywa na maji, nayo hutolewa bure. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wana ruhusa ya kuiandika, si madaktari peke yao. Pasipo ruhusa hiyo, mtu wa kijijini kwetu angeipata wapi?

Mwuguzi aliinua chupa, akaona dawa imebaki nyingi kuliko ilivyopasa. Bibi Abwoli, mkewe mzee, akakiri kwamba alimpa mumewe alipolia tu, kwa hofu ya kuimaliza, na tena majirani walikuwa wamemwambia kwamba dawa hiyo humfanya mtu mlevi. Mwuguzi hakumcheka. Alimweleza kwamba dawa haipaswi kungoja maumivu yaje. Hunywewa kila baada ya saa nne, na ya usiku huzidishwa maradufu ili mgonjwa alale mpaka asubuhi. Alisema pia kwamba mofini hufunga choo, kwa hiyo lazima iende pamoja na dawa ya kukifungua, na kwamba hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa husaidia. Kisha akauliza, "Ni nani hapa atakayeshika saa?" Wote wakanitazama mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya likizo: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne za usiku. Katika siku ya tatu mzee alilala usiku kucha, na Bibi Abwoli naye akalala, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Hata ikafika Krismasi. Kama mjuavyo, watu wa Kampala hurudi vijijini wakati huo, na kila aliyerudi alitaka kumwona mgonjwa. Walikuja kwa mapenzi, sina neno. Lakini tarehe 24 niliwahesabu wageni 17 wameketi uani, na mama mwenye nyumba, aliyekesha miezi miwili, akipika. Walimletea nyama mbichi, maana ng'ombe wa kijiji alikuwa amechinjwa asubuhi ile na kila nyumba ilipata fungu lake. Nyama ikakaangwa, na harufu ikaingia moja kwa moja chumbani kwa mtu asiyeweza kumeza kitu kizito kuliko uji uliochujwa. Alikuwa akipenda nyama sana, mzee yule. Nilimwona akijifunika shuka usoni.

Nikaenda kumwambia mama. Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Alikuja, akaepua chungu, akawaambia wageni kwamba chakula kiko kwetu, na atakayetaka kumwamkia mzee aingie, aamkie, atoke, na akitoka achukue dumu akateke maji. Wako waliochukia. Mmoja alisema hajapata kuona desturi kama ile. Lakini jioni mapipa yote mawili yalikuwa yamejaa, na kuni zilizopasuliwa zilitosha mpaka Mwaka Mpya. Siku ya Krismasi yenyewe watoto wao wanne walikula kwetu, wakavaa nguo mpya, kisha wakaingia mmoja mmoja ili baba yao awatazame. Aliwageuza huku na huku, akasema suruali ya yule mdogo ni ndefu mno, ipunguzwe.

Usiku ule, baada ya dawa ya saa nne, aliniita. Akasema, "Amooti, wewe una kalamu. Kila mtu huniambia nitapona, kwa hiyo sina wa kumwambia madeni yangu." Nikaleta daftari. Tuliandika usiku tatu, kidogo kidogo, kwa kuwa alichoka upesi. Alikuwa akidaiwa dukani bei ya mabati matano. Alikuwa amepokea malipo ya mahindi ambayo hakuyapeleka. Mpaka wa shamba upande wa kijito ulikuwa mti fulani aliotaka wanawe waonyeshwe. Naye alikuwa akimdai mtu wa ng'ambo ya bonde mbuzi wawili, na hapo sauti yake ilipata nguvu kidogo. "Wawili," alisema, "uandike kwa tarakimu na kwa maneno."

Mzee Atwooki alifariki tarehe 11 Januari 2024, mchana, bila kulia. Nilikuwa ninajiandaa kumpa dawa ya saa nane.

Kwetu, katika mazishi, watu huulizwa mbele ya wote madeni ya marehemu, na mara nyingi huwa ni mashindano ya wenye sauti kubwa. Safari hii kaka yake mzee alisimama akasoma daftari langu tangu mwanzo hata mwisho. Hakuna aliyebisha, hata mwenye duka. Iliposomwa habari ya mbuzi, mtu mmoja aliyeketi nyuma aliinamisha kichwa.

Alimleta mmoja baada ya juma. Kuhusu wa pili alisema bado ana mimba, tumngoje azae. Ninapoandika haya bado tunamngoja.