NESI NA KAMERA (sehemu ya 6): Tembo wa laiki 312

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nimekula, sasa nina nguvu ya kuandika. Mlioomba picha za ndege zinakuja, ila leo kuna deni nataka nilipe kwanza.

Kwa wageni: mimi ni nesi, mzaliwa wa Handeni, kazi nafanya Korogwe. Kamera yangu ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo nilipopokea zamu yangu ya mchezo. Haibadilishwi lenzi, lakini inavuta mbali jamani, acha tu. Kila siku mnaniuliza, Korogwe unapiga wapi picha za ndege? Chukua ramani, weka rula kutoka Dar hadi KIA. Mstari unapita katikati ya Handeni na Korogwe, karibu nusu ya njia kabisa. Zikifika kwetu zimeshapanda juu, zimetulia. Jioni jua likiwa chini, tumbo la ndege linang'aa kama kijiko. Mimi niko kibarazani nasubiri ule mkia wenye twiga. Spidi naweka 1/1000, pumzi naibana kama natafuta mshipa wa mtoto mchanga.

Na huwa nawaza, wengine waliomo humo wanakwenda kuangalia wanyama. Wakichungulia dirishani sisi ni vidoti vya mabati. Mimi naona tumbo la ndege, wao wanaona bati langu, na kila mtu anasema pazuri.

Sasa tembo.

Mtamkumbuka, mwezi uliopita nilimweka hapa. Siku hiyo tulikuwa tumetoka huduma ya mkoba, kuchanja watoto kwenye vijiji vya bondeni, ule upande unaoelekea Mkomazi. Saa kumi na moja jioni, makasha ya chanjo yamebaki matupu, watu tumechoka. Dereva akapunguza mwendo akasema, "Sista, toa kamera."

Walikuwa watatu. Mbele jike kubwa, pembe ya kushoto fupi, imekatika, na kitoto chake kinamfuata miguuni. Vumbi jekundu, jua nyuma ya masikio. Nikashusha kioo, gari halijazimwa, nikapiga picha kama arobaini. Usiku nikachagua moja, nikaandika: "Mama ni mama. Sisi tunalalamika miezi tisa, mwenzetu anabeba mimba miezi 22! Karibuni Tanga." Laiki 312. Sijawahi kupata laiki nyingi hivyo. Nikaifanya ndiyo picha ya mbele ya simu yangu.

Wiki haijaisha, niko zamu ya usiku, saa nane, inaingia bodaboda. Baba mmoja kakaa katikati, nyuma mkewe kamshikilia, mguu umefungwa kwa kanga na vipande viwili vya mti. (Ameniruhusu nisimulie. Jina na kijiji nimeviacha.) Alikuwa juu ya dungu analinda mahindi. Tembo wakaingia shambani. Akapiga debe, akawasha tochi, hawakushtuka. Akashuka akimbie, gizani, akatumbukia korongoni. Mfupa ulivunjika chini ya goti.

Tukafanya yanayofanywa. Nikapapasa mapigo kwenye unyayo, yapo, nikashukuru Mungu. Dawa ya maumivu, dripu, mguu ukatulizwa vizuri kungoja picha ya eksirei. Yeye kila akipumua anauliza, "Sista, mahindi yamebaki?" Mguu wake hauulizii hata kidogo.

Asubuhi namalizia kuandika ripoti, mkewe kakaa kwenye benchi karibu na meza yangu. Simu ikawaka. Akainama kuitazama.

"Sista, huyo umempata wapi?"

Nikamwambia, tena kwa majivuno kidogo, nimempiga mwenyewe. Akaitazama tena.

"Pembe fupi ya kushoto. Na mwanawe. Hao tunawajua."

Kama ndiye au siye, siwezi kuapa. Tembo wenye pembe iliyokatika wapo wengi. Ila uso wa yule mama nilivyouona, ile habari yangu ya "mama ni mama" niliimeza.

Akauliza tena, taratibu: "Siku ulipompiga alikuwa anatoka wapi?"

Nikafungua zile picha nyingine. Basi ndugu zangu, hapo ndo niliona aibu. Ile mliyoipenda nyie nilikuwa nimeikata upande wa kulia. Niliikata mwenyewe kwa kidole changu, kwa sababu upande ule ulikuwa unaharibu picha. Nikairudisha ilivyokuwa mwanzo. Kulia kuna mabua yamelala chini, dungu limeinama, na kopo limening'inia kwenye kamba, lile la kupigwa usiku. Tembo wangu mzuri alikuwa anatoka kwenye shamba la mtu.

Yule mama akaliweka kidole. "Hapa ni kwa wifi yangu." Hakunikasirikia. Aliuliza tu kama anaweza kupata hiyo picha, kwa sababu afisa wanyamapori akija kukagua anataka aone kilichotokea.

Kwa wasiojua: mnyama akila mazao, serikali ina malipo yanaitwa kifuta jasho. Akijeruhi au akiua mtu yanaitwa kifuta machozi. Kanuni zake ni za 2011. Sikilizeni majina yenyewe. Hayaitwi fidia. Ni kitambaa unapewa ujifute, basi.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda bodaboda nikaenda. Safari hii sikuvuta mbali, nilitembea. Nilipiga nyayo na kiatu changu pembeni ili ukubwa uonekane. Nilipiga shamba kutoka pembe zote nne. Babu mmoja nilipompa shikamoo akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, piga na hii," akanionyesha ghala lake, chini kuna magunzi tu. Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku. Nilikuwa naijua hiyo namba, nimewahi hata kuiandika hapa mkacheka. Mbele ya lile ghala haikuwa na kichekesho.

Na jambo lililoniuma zaidi ni hili. Mimi ni mtoto wa Handeni. Kwetu walikuwa nguruwe pori na nyani. Nikiwa darasa la pili bibi alikuwa ananiamsha alfajiri twende kupiga debe, umande mpaka magotini, ndo nikimbilie shule. Ndege ikipita juu tunapunga mikono tunapiga kelele. Najua kulinda shamba ni nini. Kamera ikanisahaulisha, kwa zile laiki 312.

Msinielewe vibaya. Tembo nawapenda bado. Hawajui mpaka wa Mkomazi uko wapi, wala kwamba Tsavo ni Kenya na huku ni Tanzania, wao wanafuata maji na chakula. Na njia za kuwazuia bila kuwaumiza zipo. Kuna wanaopaka kamba pilipili iliyochanganywa na oili chafu, kuna wanaotundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, maana tembo na ukubwa wake wote nyuki anawaogopa, na asali unavuna. Pale kijijini vijana wameanza na kamba, mizinga wanachangishana.

Yule baba kafungwa POP, anatembelea magongo. Picha nilizisafisha studio, nakala mbili mbili, moja ya ofisi ya kijiji, moja ya mwenye shamba. Malipo bado. Yakija nitawaambia, yasipokuja pia nitawaambia.

Na ile picha ya tembo nimeiweka upya hapo chini, nzima, na upande wa kulia. Ile ya zamani nimeifuta na laiki zake. Tuone hii itapata ngapi.

Sehemu ya 7 ni ndege, naahidi. Usiku mwema, na mliopo zamu, mkipata dakika tano kaeni chini mnywe chai.