Makofi Mawili

Niliongoza washangiliaji wa shule yetu kwa miaka mitatu, tangu kidato cha pili. Usifikirie sketi fupi na mapambo ya kwenye filamu za Marekani. Vifaa vyetu vilikuwa madumu matupu ya mafuta, filimbi moja, matawi ya miti na kanga tulizofunga kiunoni juu ya sketi za shule. Asubuhi za Juni huku Matiri baridi inauma, kwa hiyo tulianza kucheza kabla timu hazijafika, ili tupate joto.

Netiboli ndiyo ilikuwa yetu. Kwenye mashindano ya UMISSETA wavulana walikuwa wanafungwa kila mwaka (kaka zangu mnisamehe), lakini wasichana waliogopwa. Nahodha wao alikuwa mfungaji, mrefu, rafiki yangu wa bwenini, mtoto wa wakulima wa kahawa kama mimi. Nilimtungia wimbo. Mimi nauliza, "Nani huyo?" Wenzangu wanajibu jina lake, silabi mbili tu, kisha madumu yanapokea.

Mwaka 2016, wiki chache kabla ya mashindano, wasichana tulipimwa mimba. Jioni ile akatoka bwenini na sanduku lake kichwani. Nilimsindikiza hadi kona ya barabara, hatukuzungumza. Alinipa tu sketi ya netiboli nimrudishie mwalimu. Alikuwa ameshaifua.

Kesho yake mwalimu akaniita.

"Lile jina lisisikike tena uwanjani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Basi. Mimi, niliyekuwa napiga kelele mpaka sauti inakauka, sikuwa na neno lingine.

Wimbo wenyewe tusingeweza kuuacha, hatukuwa na mwingine mzuri kama ule. Mechi iliyofuata, nyumbani, nikauliza "Nani huyo?" na pale pa jina tukapiga makofi mawili. Kila mtu alielewa. Nadhani hata mwalimu.

Kijana aliyempa mimba alimaliza kidato cha nne pamoja nami. Nimo naye kwenye picha ya mahafali.

Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Wenzangu walishangilia kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi nilikuwa napiga hesabu: mwanawe alikuwa anakaribia miaka mitano.

Likizo iliyopita nilimkuta nyumbani kwao anageuza kahawa kwenye chanja. Nikaingiza mikono, tukafanya wote.

"Yale makofi uliyatunga wewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Siku ile nilikuwa kule juu na mama, tunachuma. Nikasikia unauliza. Nikaacha kuchuma, nisikie kama mtanitaja."

Akaokota punje mbovu, akaitupa.

"Halafu yakaja makofi."

Nilisubiri aendelee. Mwanawe akaja mbio akitaka hela ya daftari, naye akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kuitafuta.