Ua la Pamba na Picha Zake Mbili

Wazee husema kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, lakini picha ina pazia, na mwenye kulishika ni mpiga picha. Yeye ndiye achaguaye kitakachoonekana dhahiri na kitakachofichwa. Basi, wasomaji wapenzi, msishangae nikiwaambia kwamba huku kwetu Kabambare watu wazima wamebishana juu ya picha ya ua, wala ubishi wao haukuwa wa bure.

Shule moja ilitaka picha ya ua la pamba ya kutundika darasani. Mmea huo wazee wetu waliujua kwa jasho. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha wanavijiji wa Kongo kulima pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Watoto wengi wa leo huvaa nguo ya pamba bila kulijua ua lake. Kwa hiyo picha ile ingekuwa shamba lao la kwanza.

Mpwa wangu akaenda kwenye miche michache iliyo nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, akaleta picha mbili alizozipiga kwa simu. Ya kwanza ilikuwa dhahiri kila mahali: mishipa ya petali, chavua, jani lililotobolewa na wadudu, hata udongo chini. Katika ya pili ua lilitokeza peke yake, na vyote vilivyokuwa nyuma yake vimegeuka ukungu wa kijani.

Mwalimu akaishika ya kwanza. "Mwanafunzi ajifunze mmea, si ndoto," akasema. Mpwa wangu akajibu kwa adabu, "Mwalimu, ukimwonyesha mtoto kila kitu kwa mara moja, hatajua atazame nini."

Hoja hizo mbili zina umri mkubwa. Mwaka 1889 Peter Henry Emerson, tabibu na mpiga picha wa Uingereza, aliandika kitabu akidai kwamba jicho la mtu halioni kila kitu sawasawa; hivyo picha iwe dhahiri mahali pamoja, na pengine pote pawe laini kidogo. Nawe jaribu: shika ua karibu na uso wako, ulikazie macho, na nyumba iliyo ng'ambo itafifia. Lakini mwaka 1932, huko San Francisco, Marekani, wapiga picha kadhaa walijiunga kutetea picha kali zisizo na ukungu. Walijiita f/64, jina la tundu dogo sana la lenzi. Kwa maana tundu likiwa dogo, vya karibu na vya mbali huonekana dhahiri pamoja. Mmoja wao, Imogen Cunningham, alikwisha kupiga ua la magnolia mwaka 1925 kwa namna hiyo.

Je, picha kali ndiyo ya kweli daima? La, hasha. Mjerumani Karl Blossfeldt alitoa mwaka 1928 kitabu cha picha za mimea zilizokuzwa sana, na ukali wake wastaajabisha hata leo. Lakini kabla ya kupiga, alizoea kukata majani na kuupanga mmea ili umbo lake lipendeze. Kila mstari ni dhahiri, walakini mmea wenyewe haukuota vile.

Wala ukungu nao si uwongo daima, ikiwa ni ule wa lenzi au wa jicho. Ukungu wa simu nyingi, hata hivyo, ni wa namna nyingine: simu yenyewe hukisia ukingo wa kitu, kisha hufifiza yaliyobaki. Mwalimu alipoikaribia picha ya pili, aliona kwamba meno ya jani dogo linalolikumbatia ua yamefutwa upande mmoja. Mpwa wangu hakuwa na jibu.

Ndipo shangazi akaomba azione. Katika miaka ya 1950 alikuwa msichana, akifuatana na mama yake kuchuma pamba. Akatazama kimya, kisha akasema, "Wanangu, zote mbili ni za asubuhi. La jioni liko wapi?" Kwa maana ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe kama maziwa, jioni huanza kuwa la waridi, kesho yake huwa jekundu, kisha huanguka na kuacha tunda changa. "Na jani lile lenye matundu msilifiche," akaongeza. "Tulipoliona tuliogopa, kwa kuwa pamba yenye madoa ilinunuliwa kwa bei ndogo."

Maneno hayo yalinifundisha mengi kuliko hoja za lenzi. Picha yaweza kuwa kali ikasema nusu; yaweza kuwa laini ikasema kweli. Swali la kwanza si "Je, ni dhahiri?" bali "Je, ni ya nani, na anadai kujua nini?" Mtoto asiyepata kuliona shamba la pamba anadai jani lililotobolewa.

Darasani zimetundikwa picha tatu dhahiri: ya asubuhi, ya jioni na ya kesho yake. Ile yenye ukungu mpwa wangu amempelekea dada yake aliye mbali, aliyemwomba kitu cha kumkumbusha nyumbani. Naye haoni kwamba ni duni, wala mimi sioni hivyo.

Enyi wanafunzi mnaopenda kupiga maua, andikeni nyuma ya kila picha siku na saa yake, na kama mmekata jani au kufifiza chochote, semeni. Uzuri hautapungua kwa kusemewa ukweli.